Baiskeli za milimani katika mji usio na mlima

Mlima pekee unaoonekana kutoka katikati ya Lubumbashi ulitengenezwa na watu. Ni lile rundo jeusi lililo karibu na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, masalia ya tanuru za shaba yaliyomwagwa pale mwaka baada ya mwaka tangu enzi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoitangulia. Wachoraji wetu wanalichora, wageni wanalipiga picha, na mtoto wa hapa analijua kabla hajasikia habari za Kilimanjaro. Kwa mwenye baiskeli halina faida.

Kwa hiyo niliposema kazini kwamba Jumamosi naenda kushinda kwenye uwanja mpya wa baiskeli za milimani, mwenzangu mmoja mzaliwa wa Goma aliweka kikombe chini ili acheke vizuri. Milima ipi? Kwao kuna Nyiragongo, mita 3,470, volkano ambayo mwaka 2002 ilipitisha lava katikati ya mji na mwaka 2021 ikatema tena hadi viungani. Kwao hata chukudu, ile ya mbao isiyo na pedali, inateremka na magunia ya viazi huku mwenyewe amepiga goti moja juu yake. Sisi tuko kwenye uwanda. Mji umekaa mita 1,200 na kitu juu ya usawa wa bahari, lakini urefu wote huo umetandazwa; ukitaka mteremko, utautafuta. Nikamwalika aje aone. Alisema ana harusi.

Mteremko upo. Ukitoka mjini kwa barabara ya Kipushi unafika mahali ardhi inapoanza kukunjamana, vilima vifupi vyenye mabonde membamba katikati. Hapo kuna shamba la mzee mmoja ambaye miaka yote majirani zake wakikata miti yeye aliiacha. Watoto wa ndugu zake na wenzao wapenda baiskeli walimwomba ruhusa ya kupitisha njia humo ndani, akakubali kwa sharti kwamba hakuna mti utakaoangushwa. Sasa kuna banda la nyasi, tangi la maji, choo, kibao kimoja na vijia vinavyojizungusha msituni. Mzee anakaa kwenye kiti chake pembeni ya banda, redio mkononi, anapokea pesa ya kiingilio na kuhesabu watu wakitoka, maana anasema hataki mtoto wa mtu alale porini.

Aliyeniingiza kwenye mambo haya ni mpwa wangu. Anasoma politekiniki pale chuo kikuu, na ana ile imani ya vijana kwamba mtu wa rika langu akipumua vizuri anaweza lolote. "Tantini, we usikanyage breki tu," ndiyo mafunzo yote aliyonipa mwanzoni. Baiskeli zetu ni za mitumba, zimekuja na kontena kutoka Ulaya, magurudumu inchi 26. Wenzetu kule walishayaacha, sasa wako kwenye 27.5 na 29. Kwa hapa 26 ni neema: tyubu yake unaipata kwa fundi yeyote wa Katuba au wa Kenya (Kenya yetu, wilaya ya humu mjini, si ile ya Nairobi), ilhali ya 29 utaagiza na kungoja mpaka usahau rangi ya baiskeli yako.

Tulitoka gizani ili tuwahi kabla ya malori ya madini hayajaanza kupiga vumbi. Septemba hapa kuna joto linaloanza mapema, nyasi zimeungua kila mahali, na msitu wa miombo unafanya jambo ambalo wageni hawaliamini: mvua bado haijanyesha hata tone, lakini miti inatoa majani mapya, na majani hayo hutoka mekundu, mengine ya rangi ya shaba kabisa, ndipo baadaye yageuke kijani.

Saa hizo barabara ya Kipushi ni ya watu wa makala. Ndivyo tunavyosema hapa. Kwingine mnasema makaa. Wanatoka vijijini usiku, wanaingia mjini asubuhi, mmoja nyuma ya mwingine, na kutoka mbali huoni mtu wala baiskeli, unaona magunia yanatembea. Tulisimama kando mpwa wangu aongeze upepo, na mmoja wao alikuwa amepumzika palepale, baiskeli ameiegemeza kwenye fimbo. Nikaiangalia vizuri, maana huwa tunapishana nazo tu.

Fremu ni ile ya chuma ya zamani inayojulikana Afrika Mashariki yote, yenye bomba la juu lililonyooka. Lakini hakuna kilichobaki kilivyotoka kiwandani. Uma wa mbele umeongezewa nondo mbili, zimechomelewa kutoka kwenye ekseli hadi karibu na usukani. Keria nayo ni nondo tupu, pana kiasi kwamba gunia linaweza kulala. Gunia kila upande na jingine juu, yamekazwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, na midomo yake imezibwa kwa nyasi zilizosukwa ili makala yasimwagike. Pedali zimeondolewa, kwa sababu kwa mzigo ule hapandi mtu. Anasukuma: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye kijiti kirefu kilichofungwa wima nyuma ya siti. Na breki ni kipande cha tairi la gari kilichoning'inizwa mbele ya gurudumu la nyuma. Akifika kwenye mteremko anakikanyaga kwa kisigino, kinabana gurudumu, moshi unatoka, baiskeli inatulia.

"Mama, na weye iko unaenda shamba?" akaniuliza.

"Hapana, papa. Tunaenda kucheza."

"Kucheza? Na kinga?" Kinga hapa kwetu ni baiskeli.

Akatazama kofia yangu ngumu, akatazama glavu, akacheka kwa heshima, yaani alitazama pembeni kwanza. Alikuwa mtu mzima, mvi kidogo kwenye kidevu, miguuni kandambili za tairi. Tukaagana.

Kwenye kibao cha uwanjani njia zimepakwa rangi kwenye mfuniko wa pipa: duara la kijani kwa njia rahisi, mraba wa buluu kwa ya kati, almasi nyeusi kwa ngumu. Alama hizi zilitoka kwa watu wanaoteleza kwenye theluji, zikahamia kwenye baiskeli, na sasa zimefika Katanga, mahali ambapo theluji tunaiona kwenye televisheni. Hakuna aliyelalamika. Mzee wa shamba peke yake ndiye aliyeuliza kwa nini nyeusi iwe mbaya, na hakupata jibu la kuridhisha.

Tukaanza na kijani. Ni mzunguko mrefu usio na presha, unapita kando ya bonde, na kazi yake ni kukufundisha ardhi ya hapa. Ardhi yetu ni nyekundu na ngumu, lakini juu yake kumetandazwa vijiwe vidogo vya mviringo vya chuma na udongo, na kiangazi, mvua ikiwa haijavishika, vinatembea chini ya tairi kama maharage yaliyomwagika sakafuni. Ukikanyaga breki ya mbele kwenye kona, umekwenda. Unapunguza mwendo kabla ya kona, unaachia, unalaza baiskeli huku mwili wako ukibaki wima, na macho unayatupa kule unakotaka kutokea. Hili la macho ndilo gumu kuliko yote. Baiskeli hufuata macho. Ukiutazama mti ukisema "nisigonge mti huu", utaugonga.

Jambo la pili ni upepo. Mafundi wetu wa mjini wanajaza tairi mpaka ukiligonga kwa kidole linalia, na kwa lami na mizigo wako sahihi. Msituni tairi la namna hiyo linaruka juu ya kila kijiwe. Mpwa wangu alipunguza mpaka likabaki bar 2 na kidogo, na palepale baiskeli ikaacha kugombana na ardhi. Usishushe chini ya hapo kama unatumia tyubu, maana ukipiga jiwe rimu inaibana tyubu na kuitoboa matundu mawili sambamba.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni vichuguu. Aliyekaa Lubumbashi anavijua, hata katikati ya mji vipo vilivyopandwa migomba juu yake; asiyekaa hapa huenda akafikiri natia chumvi. Vichuguu vikubwa vya huku hujengwa na mchwa aina ya Macrotermes falciger, vingine vinapita mita 5 kwenda juu, na upana wake nyumba ndogo ingekaa ndani. Udongo wake ni mfinyanzi laini ambao mchwa wameupandisha kutoka chini sana. Wajawazito wanautafuna, mafundi wanafyatua matofali nao. Vijana wa uwanja huu wameupatia kazi ya tatu. Kila kona kali imeinuliwa ukingo wa nje ili tairi liegemee, na ukingo huo haukujengwa kwa ule udongo wa vijiwe, ungebomoka siku ya kwanza. Walichukua udongo wa kichuguu kilichokufa, wakauloweka, wakauponda kwa miguu, wakaubandika tabaka kwa tabaka na kuupiga kwa ubao. Nilishuka nikagusa mmoja. Ni mlaini na mgumu, umeng'aa pale matairi yanapopita, na ukiuangalia kwa karibu unaona bado alama za vidole vya mtu aliyeumalizia. Njia ya buluu inazunguka kichuguu hai, robo tatu ya duara, baiskeli imelala ubavu, na unatokea upande wa pili ukiwa umesahau ulikotoka. Niliirudia mpaka mpwa wangu akaanza kuangalia saa.

Wakati nakunywa maji, mmoja wa wachongaji wa njia, kijana mwenye jembe begani na simu shingoni, alitusimulia namna walivyoanza. Walidhani watasafisha mstari kutoka juu ya kilima hadi chini, basi, watu washuke. Mvua za kwanza zikawafundisha. Lubumbashi inapata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Machi, na ule mstari wao ulionyooka ukageuka mfereji wa kufika magotini. Ndipo wakaanza kusoma. Kuna kanuni ambazo wachonga njia wa nchi nyingi wanazifuata, zilizoenezwa na chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani, IMBA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988. Njia isishuke moja kwa moja na kilima, ikate ubavuni. Mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe, la sivyo maji yataigeuza kuwa mto. Kwa wastani usizidi asilimia 10. Ukingo wa chini uinamishwe kidogo ili maji yavuke na kwenda zake, na kila baada ya umbali fulani njia ipande kidogo kabla ya kushuka tena, maana maji hayapandi.

Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria tangu siku ile. Waliposhika kanuni hizo na kuanza kupima msitu kwa simu, walikuta kuna vijia viwili ambavyo tayari vilikuwa vinazitii. Vinakata ubavu wa kilima, vinapumzika pale panapostahili, vinakwepa sehemu zinazotuama maji, na havikuwa na mfereji hata baada ya mvua. Vilikuwa vijia vya watu wa makala, waliokuwa wakipita shambani kufupisha safari tangu zamani, kabla ya mtu yeyote kuleta baiskeli yenye gia.

Mpwa wangu akakokotoa hapohapo, maana hawezi kujizuia. Baiskeli na mzigo wake ikiwa kilo 150, kwenye mwinuko wa asilimia 10 inakuvuta nyuma kwa nguvu ya kilo 15 muda wote unaosukuma. Kwenye asilimia 20 ni kilo 30, na huo bado ni mzigo bila kuhesabu mchanga. Hakuna mtu atakayechagua njia hiyo mara mbili. Kwa hiyo aliyekuwa akisukuma alitafuta, akajaribu huku, akajaribu kule, waliomfuata wakarekebisha, na ardhi ikapata mstari wake bila kitabu. Njia ya kijani niliyoisifu hapo juu karibu yote ni yao. Na nusu ya nyeusi pia.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu asili ya mchezo wenyewe, kwa sababu vijana wengi wanaouona kwenye simu wanafikiri ulizaliwa dukani. Miaka ya 1970 huko California, kwenye vilima vya Marin County, kundi la vijana lilikuwa linaokota baiskeli nzito za chuma za miaka ya 1930 na 1940, zenye tairi nene na breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume, na kushuka nazo milimani. Mwaka 1976 walianza kushindana kwenye njia moja ya karibu kilomita 3 inayoporomoka mita 400 hivi. Waliiita Repack, kwa sababu ukifika chini grisi yote ya kitovu cha nyuma ilikuwa imeungua kwa joto la breki na ilibidi ukifungue na kukijaza upya. Joe Breeze, mmoja wao, alitengeneza baiskeli ya kwanza iliyokusudiwa kazi hiyo tangu fremu mwaka 1977. Kampuni ya Specialized wakaanza kuuza ya kwao, Stumpjumper, mwaka 1981, na kufikia 1996 mchezo ulikuwa kwenye Olimpiki ya Atlanta. Miaka 20 tu kutoka kwenye chuma chakavu hadi medali.

Fremu nzito, breki inayotoa moshi, mtu anayejitengenezea mwenyewe kwa nondo na tyubu. Mtu huyo nimempita barabarani maisha yangu yote, na heshima yote nilikuwa naipeleka California.

Mchana tulikula bandani: bukari (ugali wetu), sombe (kisamvu), na samaki tomson aliyechomwa mpaka mkia ukawa mweusi. Mama anayepika pale ana mbabula tatu mfululizo, yaani majiko ya makala, na makala yake yanatoka kwa haohao wanaopita nyuma ya banda. Usisubiri nihubiri kuhusu misitu. Kwangu umeme ukikatika, na unakatika, napikia mbabula, na kila mtu ninayemjua anafanya hivyo. Miti imesogea mbali na mji huu, hilo halihitaji mtaalamu. Wazee wanakuambia waliokota uyoga mahali ambapo leo ni mtaa. Miombo ikiachwa huchipua tena kutoka kwenye visiki, na shamba la mzee huyu limejaa visiki vya zamani ambavyo sasa ni miti yenye vigogo vitatu vitatu. Inabidi iachwe, hapo ndipo penye kazi. Anayekata anakata kwa sababu gunia linauzika, na linauzika kwa sababu mimi nalinunua.

Wakati uwanja unafunguliwa, ugomvi ulikuwepo. Kijana mmoja katika kundi, wala hayupo tena, alitaka njia zifungwe kwa miti na mtu wa makala alipe au azunguke. Waliweka gogo. Asubuhi yake gogo lilikuwa limesogezwa, bila tusi wala kelele, na siku ya pili vilevile, mpaka mzee wa shamba akaingilia. Alisema baba yake aliwakuta watu wale wanapita, na yeye hatafunga njia aliyoikuta. Sasa kuna utaratibu ulioandikwa kwa chaki kwenye kibao: hadi saa nne asubuhi njia mbili za zamani ni za mizigo tu, na saa yoyote, ukikutana na baiskeli iliyobeba, unashuka na kusimama upande wa bonde. Upande wa bonde, kwa sababu mzigo ukiangukia mlimani unainuliwa, ukiangukia bondeni unamfuata mwenyewe. Naona ni sheria bora kuliko nyingi zilizoandikwa kwenye karatasi yenye muhuri.

Njia nyeusi tuliiacha mwisho. Inaanza juu kabisa, penye kichuguu kikubwa chenye mti wa musuku kando, inashuka kwa ngazi za mawe ya asili, inaingia kwenye mizizi, kisha inajiunga na kijia cha zamani na kuporomoka hadi mtoni. Mpwa wangu akatangulia. Mimi nilishuka ngazi za kwanza siti ikiwa tumboni, matako juu ya gurudumu la nyuma, vidole viwili tu kwenye kila breki. Mawe yanapita chini yako na unasikia kila moja kwenye viganja. Unachotakiwa kufanya ni kulegea, viwiko nje, magoti wazi, baiskeli icheze chini yako wakati kichwa kinakwenda mstari mmoja. Nilifika kwenye mizizi nikiwa na furaha ya kitoto, nikasimama kando nipumue na nimwangalie mpwa wangu akipanga mstari wake hapo chini. Ni kijana makini. Anasimama, anasoma, anachora kwa kidole, ndipo aende.

Nikasikia chuma kinagonga chuma nyuma yangu, na sauti: "Mama, hodi, hodi, hodi!"

Nilijibana kwenye mti. Alipita papa wa asubuhi, yule wa makala. Magunia alikuwa ameyauza. Yale matupu yalikuwa yamekunjwa na kufungwa kwenye keria, na pedali alikuwa amezirudisha. Anarudi kwao, na kwao ni huku. Hakuinuka kwenye siti. Aliingia kwenye mizizi kwa ubavu, akaachia baiskeli iteleze kiasi mahali ambapo mimi ningesimama kuomba, kandambili moja ikagusa tairi, moshi kidogo, akaiweka sawa, akampita mpwa wangu upande wa juu huku akimwambia "Pardon, mwana," na akapotea chini. Nondo zilisikika zikilia mpaka mtoni, kisha kimya.

Mpwa wangu alikuwa bado ameshika kidole hewani.

Tulimkuta chini ananawa uso. Alitupokea kwa vicheko, sasa bila kutazama pembeni, na akaomba kuijaribu baiskeli ya mpwa wangu, ile yenye shokamzoba mbele. Akaizungusha kwenye uwazi, akabonyeza usukani mara kadhaa, uma ukashuka na kupanda. Akatikisa kichwa.

"Hii kinga ukiitia gunia inapiga magoti."

Breki za diski ndizo zilimshika. Alikwenda, akafinya, ikasimama, akaenda tena. Aliinama akaangalia sahani, akaangalia waya, akauliza bei ya breki peke yake, bila baiskeli. Mpwa wangu akataja. Papa akamtazama usoni kuhakikisha hatanii, kisha akanyanyua mguu wake na kutuonyesha kandambili: tairi la lori, limekatwa na fundi sokoni, soli upande wa kisigino imeliwa mpaka kwenye nyuzi. "Hii nabadilisha mwezi kwa mwezi," akasema.

Mpwa wangu hakutaka habari za bei. Alitaka kujua kuhusu ile mizizi. Kwa nini ulipita juu? Papa alishangaa kuulizwa. Chini kuna jiwe limelegea, akasema, limelegea tangu mvua za mwaka jana, na pale ukipita na mzigo linageuka. Juu mzizi umekaa mshazari lakini mkavu, jua linaupiga. Mvua zikianza utapita chini, na jiwe litakuwa limezama. Alieleza kilima chote hivyo, kona kwa kona, na kijana wa jembe aliyekuwa ametufuata akatoa kalamu.

Halafu papa akaanza biashara yake. Ng'ambo ya mto, alisema, kuna kijia kingine kizuri kuliko hiki, kirefu, kinazunguka kilima cha pili na kutokea karibu na kijiji chao. Kivuli mwanzo hadi mwisho. Vijana wa baiskeli hawakijui kwa sababu hakionekani kutoka huku. Yuko tayari kuwaonyesha, na pesa hataki. Lakini kilalo, yaani daraja, cha hapa mtoni ni magogo mawili, moja limeoza, na kila Desemba maji yakipanda kuna mtu anaangusha mzigo. Wakitengeneza kilalo, kipana cha kupita baiskeli yenye magunia pande zote mbili, njia ni yao na wenzake.

Kijana wa jembe akauliza upana. Papa akaleta baiskeli yake, akachukua magunia matupu, akayatanua kwa mikono miwili kila upande yalivyo yakijaa, na mpwa wangu akapima kwa shubiri kwa sababu hakuna aliyekuwa na futi. Mzee wa shamba, aliyeshuka taratibu kutuhesabu maana tumechelewa, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mbao zipo, zile za banda la kuku la zamani, ila misumari walete wao. Papa akasema misumari haifai kwa kilalo, inafyatuka, walete boliti. Walikuwa bado wanabishana kuhusu boliti tulipoanza kupandisha.